Anayetumwa kukimbia usiku ni mtoto wetu: kwa nini nataka bikoni iwe lazima milimani

Haya ni maneno niliyoongea kwenye kikao cha vijana wanaoongoza wageni na wenye boti hapa Kigoma mjini, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimeongeza tu pale muda uliponibana.

Mwakeye wazee wangu, mwakeye mama zangu. Vijana wa Kibirizi na Ujiji karibuni, na nyie mliosafiri na boti usiku kucha toka Buhingu na Kalya poleni sana na safari, maji ya kunywa yapo pale nyuma msione aibu.

Nimeombwa niongelee swali moja tu, je anayepanda mlima alazimishwe kisheria kubeba bikoni, yaani kale kakifaa kanakorusha ishara ya hatari mpaka satelaiti, au aachwe aamue mwenyewe? Jibu langu ni alazimishwe. Ila naomba mnisikilize vizuri ni nani hasa alazimishwe, maana hapo watu wanapita mbio. Kila ukisoma ubishi huu wanaongelea mgeni, uhai wa mgeni, uhuru wa mgeni, mfuko wa mgeni. Mimi leo nataka kumuongelea yule anayetumwa kukimbia mambo yakishaharibika, na huyo mnamjua wote, ni mtoto wa vijiji vyetu vya kando ya hifadhi, wa Katumbi, wa Kalilani, wa Mwamgongo.

Kwanza kifaa chenyewe, nimekuja nacho, kishikeni mpitishiane taratibu. Mnaona kinaenea kwenye kiganja, hata robo kilo hakifiki. Hiki kichuma bapa kilichozungushwa hapa ubavuni ndio antena, siku ya shida unakifungua kinasimama wima kuelekea juu. Chini ya hiki kifuniko chenye lakiri kuna kitufe cha kuwashia, mpaka uvunje lakiri ndio ukifikie, wamefanya hivyo makusudi kisijiwashe chenyewe ndani ya begi, na hiki kingine pembeni ni cha kujaribu tu kama bado kizima. Ukishawasha kinatuma ujumbe kwenye masafa ya megahezi 406 kila baada ya sekunde hamsini hivi, satelaiti inaudaka, inaushusha kwenye kituo cha ardhini, kituo kinapeleka kwa waokoaji wa eneo husika, na kama kina GPS ndani basi ujumbe unakwenda na mahali ulipo kabisa. Hakuna vocha wala malipo ya mwezi. Betri haichajiwi, inakaa miaka mitano sita imelala tu, na ikishawashwa inatakiwa irushe si chini ya masaa 24 hata kwenye baridi ya barafu. Halafu kuna ishara ya pili dhaifu, megahezi 121.5, hiyo ni ya kumsaidia mwokoaji akishafika karibu akufuate mpaka ulipolala.

Mtandao unaopokea hizo ishara unaitwa Cospas-Sarsat, walianza kuusuka mwaka 1979, Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, na hebu fikirieni wakati ule Marekani na Wasovieti walikuwa wanaelekezeana mabomu, lakini kwenye hili wakakaa meza moja. Satelaiti ya kwanza ilirushwa 1982 na Wasovieti, na mwaka huohuo ikasaidia kupatikana kwa watu walioanguka na ndege kwenye milima ya Kanada. Yaani hii kitu sio ya majaribio, ina zaidi ya miaka arobaini inaokoa watu. Meli kubwa za kimataifa zinabeba kwa lazima, ndege zinabeba kwa lazima, na sijawahi kusikia rubani anasema jamani mmeniingilia uhuru wangu.

Nikiri pia udhaifu wake ili msije mkasema nawauzia kitu. Bikoni inataka kuona anga. Ukiwa ndani ya msitu wa hifadhi ya Mahale ule wa bonde, miti imefunga juu hata mvua inachelewa kufika chini, au umetumbukia kwenye korongo, ishara inapata shida, inabidi usogee kwenye uwazi, kwenye mgongo wa mlima au ufukweni ukiweza. Na hakikuambii kitu, hakuna kuongea, ingawa vipya vingine toka 2020 vinaweza kukuwashia taa kwamba ujumbe umefika. Vipo vingine vya kutumiana meseji kwa satelaiti, hivyo ni vizuri pia ila vina malipo ya mwezi na vinakula chaji, mtu akisahau kulipia ndio basi.

Sasa twende Marekani kidogo maana ubishi huu ulipamba moto kule, jimbo la Oregon, kwenye mlima unaitwa Mount Hood. Mlima wenyewe una mita 3,429, kwa maana hiyo kibanda cha Horombo pale Kilimanjaro, mita 3,720, kiko juu kuliko kilele chao, lakini una barafu na dhoruba za kuua kweli. Mei 1986 shule moja ilipandisha wanafunzi, dhoruba ikawakuta, wakachimba pango kwenye theluji wajifiche, theluji ikaja ikafunika mdomo wa pango na kila alama, waokoaji wakawa wanatafuta kwa kuchomachoma fimbo ndefu chini mpaka wakagusa. Watu 9 walikufa, wengi wao watoto wa shule. Baada ya msiba ule watu wa pale wakatengeneza karedio kadogo ambako mpandaji anakodi kwa hela ndogo, hakaongei na satelaiti, ila ukiripotiwa umepotea waokoaji wanapanda na mitambo ya kunusa ishara yake.

Ikaja Desemba 2006. Wanaume watatu, wapandaji wazoefu sio wa kubahatisha, hawakubeba. Mmoja aliweza kuipigia familia yake simu ya mkononi akiwa ndani ya pango la theluji, dhoruba ikakaa siku kadhaa hakuna anayeweza kupanda, alipofikiwa alishakufa, na wenzake wawili hawajaonekana mpaka leo. Haijapita hata miezi mitatu, Februari 2007, mlima uleule, kundi la watu wanane, watatu wakateleza wakaanguka kwenye ukingo pamoja na mbwa wao, na hao walikuwa na kale karedio. Walilala usiku kwenye dhoruba, mbwa akiwalalia wapate joto, kesho yake waokoaji wakafuata ishara mpaka walipo. Wote wazima.

Basi wabunge wa Oregon mwaka huohuo 2007 wakaleta muswada, ukipanda Mount Hood zaidi ya futi 10,000, yaani kama mita 3,050, kuanzia Novemba mpaka Machi ubebe kifaa cha ishara. Ukapita bunge la wawakilishi, kwenye seneti ukafia hapo. Na waliopinga kwa nguvu, mtashangaa, ni waokoaji wenyewe! Walisema kifaa kitampa mtu kiburi, atapanda siku ambayo asingepanda, akijua akibonyeza watakuja. Walisema sheria itawasukuma waokoaji watoke kwenye hali mbaya wakati busara inasema wasubiri. Wakakumbusha kwamba yule wa 2006 simu yake ilipatikana na eneo lake lilijulikana kwa kukadiria, kilichowazuia ni upepo, na bikoni haizuii upepo.

Hoja hizo nazichukulia kwa uzito, wamezitoa watu wanaobeba maiti mgongoni. Na ya kiburi sio ya kutunga, mwaka 2009 kwenye korongo kubwa la Grand Canyon, hukohuko Marekani, kundi moja lilibonyeza kifaa chao mara tatu, mojawapo eti kwa sababu maji waliyoyapata yana ladha ya chumvi, helikopta ikatoka. Hiyo inakera, na inamweka rubani kwenye hatari kwa upuuzi.

Lakini ziangalieni zile hoja zinamhusu nani. Zinamhusu mtu mzima anayepanda na rafiki zake, kwa hiari, wote wamejitakia, nyuma yao kuna vikosi vya kujitolea vyenye mafunzo na helikopta ya jeshi ikibidi. Huku kwetu hakuna mgeni anayepanda peke yake. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Nkungwe, kilele cha Mahale chenye mita 2,462, unapanda na askari wa hifadhi mwenye bunduki na vijana wa kubeba mizigo. Kwa hiyo ule uhuru wa kujihatarisha, mgeni ana haki nao kabisa kwa mwili wake mwenyewe, ila hana haki nao kwa mwili wa kijana anayelipwa ujira wa siku abebe mzigo na hema. Kijana yule hakuchagua kupanda bila bikoni, hakuulizwa!

Niwape mfano ulionichoma. Niliwahi kuwa kwenye msafara mmoja wa huko kusini, kampuni siitaji. Tunashuka, majani yamelowa, mgeni akateleza, kifundo cha mguu kikageuka upande hata kumtazama huwezi. Mtandao hakuna, redio ya upepo iko kambini. Kikao cha dakika tano, askari lazima abaki na mgeni kwa ajili ya wanyama, kiongozi lazima abaki kwa ajili ya huduma, basi macho yote yakamgeukia aliye mdogo kuliko wote, wee shuka mpaka ufukweni ukatafute boti na watu. Alipewa tochi moja. Giza lilimkuta kabla hajafika nusu, msitu ule una chui, una nyati sehemu za juu, una kifutu njiani asiyeondoka mpaka umkanyage, na kijana anakimbia mteremko wa mawe peke yake. Alifika. Msaada ukapanda asubuhi, mgeni akabebwa, akatibiwa, akarudi kwao salama na nashukuru Mungu. Kijana goti lilikuwa limevimba, hakuna hata mmoja aliyeuliza mpaka siku ya malipo, na alilipwa siku zake kama wengine wote, ile mbio ya usiku haikuandikwa popote. Kama asingefika tungekuwa na wawili wa kutafuta. Hapo ndipo mimi nilipoacha kuona bikoni kama kitu cha mgeni.

Na sisi Kigoma tunajua vizuri kutafuta kulivyo. Gombe imetangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Julai 1969 mtafiti mmoja kijana toka Marekani alitoka peke yake kufuata sokwe, hakurudi. Gombe sio Serengeti jamani, ni kipande chembamba kati ya ziwa na ukingo wa mlima, ukiwa juu unaona ziwa karibu kila mahali. Pamoja na udogo huo ilichukua siku sita mpaka mwili wake kupatikana chini ya maporomoko, alikuwa ameanguka kwenye jabali. Siku sita, kwenye hifadhi ndogo vile, na watu wanamtafuta kila bonde. Baada ya hapo ikawekwa sheria, hakuna mtafiti kuingia msituni peke yake, lazima aongozane na mtu wa hapa. Ilikuwa sheria ya lazima na hakuna aliyesema inaua utafiti, tena ndiyo iliyowafungulia mlango baba zetu wa Mwamgongo na Bubango wakawa wafuatiliaji sokwe wanaoheshimika duniani. Kwa hiyo msiniambie kulazimisha hakufai.

Ila angalieni sheria ile iliishia wapi, iliweka binadamu wa pili pembeni, ikaacha hapo. Toka wakati huo mpaka leo mawasiliano ya dharura ya milima yetu ni miguu ya yule binadamu wa pili.

Sasa nani alazimishwe. Mimi simtaki mgeni anunue, akinunua atakuja nacho, ataondoka nacho, na akiwa ndiye aliyezimia hakuna anayejua kiko mfuko gani. Alazimishwe anayechukua hela ya safari. Kila kundi linaloingia msituni au kupanda mlima liwe na bikoni moja mkononi mwa kiongozi, na kundi likigawanyika, maana wabeba mizigo huwa wanatangulia kambini, wale wanaotangulia nao wawe na ya kwao. Kifaa kama hiki ni kati ya dola 300 na 400 hivi, kwa kijana ni hela nyingi, sibishi, lakini kwa kampuni inayoleta wageni Mahale kwa ndege ndogo ni sehemu ndogo mno ya anacholipa mgeni mmoja, na kitatumika miaka kabla ya betri kubadilishwa. Wenye biashara ndogo, wale wa familia mwenye boti moja na hema mbili, hao hifadhi iwaazime wanapojiandikisha. Hilo linafanyika, New South Wales kule Australia kwenye Blue Mountains watembeaji wanaazimwa bikoni bure, unajaza fomu, unaondoka nayo, unarudisha. Nepal wao mwaka 2024 walitangaza kila anayepanda Everest abebe kichipu cha kumtafutia, ni kitu tofauti kidogo maana hakiiti msaada, kinasaidia kukuona tu, lakini mwelekeo mnauona.

Watu wa boti msidhani mmesalimika, nusu ya safari ya Mahale iko majini, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa hapa, kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470, na upepo wa kusi mnaujua kuliko mimi. Ipo bikoni ya vyombo vya majini ambayo chombo kikizama inajiachia na kujiwasha yenyewe. Kwa mitumbwi midogo sidai hiyo leo, kwanza tumalize laifu jaketi, bado kuna watu wanazikalia badala ya kuzivaa. Lakini boti inayopeleka wageni na vijana wetu hifadhini iwe na hata hii ndogo ya mkononi, imefungwa kwa kamba kwenye jaketi la nahodha sio ndani ya sanduku.

Lililobaki ni gumu kuliko kununua. Bikoni ni yowe, na yowe lina maana kama kuna majirani wa kutoka. Oregon wana watu wa kupanda, sisi ukibonyeza Nkungwe usiku nani anatoka? Hilo lisiwe sababu ya kuacha, iwe sababu ya kupanga. Kila bikoni inasajiliwa, ina namba yake, na kwenye usajili unaweka simu za watu wa kupigiwa. Basi pale isiwekwe simu ya ofisi inayofungwa saa kumi, iwekwe ya mtu anayepokea simu saa nane usiku, anayejua kundi liko wapi, anayejua ni nani pale Katumbi au Kalilani ana boti yenye mafuta muda huo. Vituo vya askari wa uhifadhi viwe na orodha ya vijana waliofundishwa kubeba majeruhi kwa machela, wakitoka walipwe, na wawe na bima. Na mara moja kwa mwaka tufanye zoezi, kwa kitufe cha kujaribu na redio, tuone inachukua muda gani toka taarifa kufika mpaka boti kuwasha injini. Haya hayahitaji helikopta. Yanahitaji watu kukaa kikao kama hiki na kuandika majina.

Kuna mzee kaniuliza pale mlangoni, je wakibonyeza kwa mchezo? Lakiri ikivunjwa inaonekana, namba ya kifaa inajulikana, na mwenye kampuni anajulikana, hivyo wa mchezo atapatikana na awajibike. Ila aliyebonyeza kwa hofu ya kweli halafu ikaonekana hali haikuwa mbaya sana, huyo asitozwe hata senti, maana ukimtoza mmoja wenzake wote watachelewa kubonyeza mpaka mtu awe amekata roho. Aliyebonyeza kwa bahati mbaya azime, apige simu haraka akiweza, aseme mimi ni mzima, na hapo yameisha.

Na kipengele cha mwisho ndicho ninachokipigania kuliko vyote kwenye barua tunayoiandikia hifadhi, naomba msikilegeze hata wenye kampuni wakinuna. Wakati wa ajali anayeamua kubonyeza asiwe kiongozi peke yake, wala mgeni peke yake. Mbeba mizigo, mpishi, mfuatiliaji, yeyote aliye kwenye kundi, akiona kuna mtu anakufa au yeye mwenyewe ameumia, afundishwe namna ya kuiwasha kabla ya safari, ajue iko mfuko gani, na awe na ruhusa ya kuiwasha bila kumuomba bosi, na asifukuzwe kazi kwa hilo. Iandikwe kwenye mkataba wake kwa Kiswahili, asomewe kwa sauti kama hajui kusoma, ndipo aweke sahihi.